Sukuma Kidogo Upande ya Gare

Yaya Ngoy,

Ni minyi Mado, mdogo wako. Nimekasirika, na nakwambia mapema ili usidhani barua hii ni ya machozi. Machozi nimekutolea ya kutosha. Leo nataka unijibu kitu kimoja: neno "kulia" lilikukosea nini hata ukashindwa kuliandika?

Ngoja nianze vizuri, maana najua ungesema, "Mado, panga maneno kwanza."

Tulipokuzika, mwenye nyumba hakungoja hata udongo ukauke. Alitaka atelie yake, chumba ulichofanyia kazi. Basi mashini ya kukata stika tumeileta hapa kwa mama, sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vyombo. Kabati liko barazani. Kila asubuhi mama anatoka nje kutafuta sahani na kuninung'unikia kama vile minyi njo niliyekufa nikamwachia taabu.

Kisha wakaja bamotari wako, wale wote uliowabandikia stika kwenye tangi za pikipiki zao. Wanataka Jumamosi hii, siku ya kuondoa matanga, kila pikipiki ibebe uso wako: stika ya umbo la yai, ile picha unayocheka na shati la bluu. Nikakubali bila kufikiri. Baba mukubwa alikuwa amekaa pale anakunywa chai. Akasema, "Tutaona. Kama hata sura ya yaya yako inakushinda, mashini itaenda Kabongo. Kule kuko muntu anaitaka."

Sasa sikia. Nikachapa picha zako pamoja na zile alama nne nyeusi za kwenye kona, sawasawa na ulivyonifundisha. Nikaingiza karatasi kwenye mashini. Jicho lake likapita na taa yake nyekundu, likasoma alama zote, likalia pii. Nikafurahi. Ila tangu mashini ilipoanguka kutoka kwenye lori njia ya Kaniama, jicho linaona hapa na kisu kinakata pale. Hilo tunalijua sote wawili. Njo maana ulibandika kile kipande cha utepe wa skochi karibu na vibonye vya mishale, ukaandika na bic yako: "Kisha kusoma alama, sukuma kisu kidogo upande ya gare." Nikasukuma kidogo upande wa gare, kule stesheni ya treni. Kisu kikazunguka. Nikabandua.

Huna sikio, yaya.

Upande mmoja sikio limekwenda lote, upande mwingine pamebaki ukingo mweupe mpana hauna kazi. Nikasema labda sikusukuma vya kutosha. Nikasukuma zaidi. Shavu nalo likaondoka. Vidye, Mungu wetu! Nikasafisha jicho la mashini kwa pamba. Nikafunga pazia, maana ulisema jua linalichanganya. Nikabadilisha kisu. Nikasukuma tena upande wa gare, kwa hasira sasa, na kisu kikakupasua jicho katikati. Mama akapita, akaona vipande vyako vimejaa mezani, akapiga ishara ya msalaba, akarudi kwenye kabati lake.

Nikakutukana. Nilisema huyu muntu, hata alipokuwa hai, hakuweza kukaa katikati ya kiti, alikalia pembeni kama mwenye kuitwa, na sasa hata kwenye karatasi hataki kukaa katikati. Nilikumbuka na lile jibu lako la siku zote: "Mashini haina kosa, weye njo haujue kuisemesha." Haya! Nimeisemesha. Kifaransa, Kiswahili, na Kiluba ambacho siwezi kukiandika hapa.

Ikabaki karatasi moja tu ya vinili, ile ya kuchapia stika. Nyingine iko njiani kutoka Lubumbashi, na treni weye unaijua, inafika siku inayotaka yenyewe. Nikasimama mbele ya mashini, kidole juu ya mshale, nikaona kabisa mashini yetu juu ya lori inakwenda Kabongo. Nilichoka, yaya. Nilichoka na mashini, na Baba mukubwa, na weye uliyeacha homa ikubebe katikati ya kazi.

Ndipo treni ikalia. Na mlio ule uliniingia kwenye sikio la kushoto.

Nikaondoa kidole kwenye mshale. Kule atelie, ukisimama mbele ya mashini, treni ilikuwa inalilia sikio la kulia. Kila siku. Ulikuwa unainua kichwa unasema, "Ile njo ya mizigo," kisha unaendelea. Hapa kwa mama tumeiweka inatazama ukuta wa pili! Gare haikuhama, mashini njo imegeuka. Kisu kilikuwa kinapotelea kushoto, na minyi nikawa nakisukuma huko huko kushoto, na kadiri sikio lilivyokosekana ndivyo nilivyozidi kusukuma.

Kosa ni la papa, baba yetu, na reli yake aliyoitumikia mpaka uzee. Nyumba gani nyingine wanasema "nipe chumvi, ile ya upande ya gare"? Nani mwingine aliambiwa utotoni, "Mado, kiatu cha gare umekivaa kwenye mguu wa soko"? Nilianza shule sijui kushoto ni wapi, mwalimu akadhani sisikii. Na weye, mkubwa mzima, ukaandika gare kwenye mashini yenye magurudumu!

Basi nikasukuma upande wa pili, wa soko. Kidogo. Nikafumba macho mpaka kisu kikanyamaza. Nikabandua polepole.

Masikio mawili. Ukingo mweupe mwembamba, sawa pande zote. Ukanicheka na shati lako la bluu.

Jioni Baba mukubwa akaja. Akaishika stika mbali, akaisogeza karibu, akapitisha kidole juu ya sikio. "Njo yeye," akasema. Akaomba moja ya kubandika kwenye kinga yake, ile baiskeli ya zamani. Kabongo hakuitaja. Na treni ile ile imetuletea vinili, kwa hiyo kesho nakata zilizobaki.

Skochi yako sijaibandua. Chini yake nimebandika yangu: "Hapa kwa mama: kulia." Mama akaisoma, akaniuliza, "Sasa unatuandikia mpaka kulia?" Nikamwambia ni upande tu, mama, ni mkono tu. Akacheka. Kisha tukafanya ilivyoandikwa, wote wawili, pale mbele ya mashini.

Jumamosi bamotari watakuzungusha mji mzima, na watapitia gare, nimewaambia. Mashini haitatoka mikononi mwangu, hilo nakuahidi. Na siku tutakapohama tena, kabla ya kukata chochote nitauliza kwanza gare iko wapi.

Lala, yaya. Na huko uliko, ukae katikati.

Mado