Guleid Anahifadhi Linux

Jumatano, 3 Novemba 1999

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Hooyo, mama yetu: naamini kaka yangu Guleid atafeli mtihani. Basi, nimeliandika. Najisikia kama nimemloga.

Mtihani uko Nairobi, Jumanne ya tarehe kumi na sita. Ni wa cheti cha wasimamizi wa Linux — ile programu ya bure inayoendesha kompyuta kubwa ya ofisini kwao, inayopokea barua pepe za kambi za wakimbizi za Dadaab. Fundi wao Mwende anaondoka mwisho wa mwaka. Guleid akipata cheti, atashika nafasi yake. Asipopata, wataleta mtu kutoka down Kenya, huko kusini, na Guleid atarudi kukaa nyumbani na sisi. Tangu mvua za El Nino zimalize mbuzi wa Aabo, baba yetu, kule Hadado, ni yeye tu anayefanya kazi.

Na anasoma! Sijaona mtu anayesoma kama yeye. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Ijumaa, 5 Novemba

Joto. Stima imepotea tangu asubuhi. Baada ya swala ya Ijumaa tukafanya subac tena. Tunakaa duara mkekani — Guleid, Awil na mimi — kama wanafunzi wa dugsi wanaozungusha Qur'an, huyu aya yake, anayefuata aya inayofuata. Sisi tunazungusha kitabu cha Linux. Mimi natamka amri, Awil anasema kazi yake, Guleid anamalizia alama zote zinazoifuata, bila kukosa hata moja. Kitabu kinene kama tofali, na amekihifadhi chote.

Awil ni binamu yetu, askari wa lango pale ofisini. Hajui hata kuwasha kompyuta. Lakini naye sasa anakariri vizuri sana! Nimelifikiria hilo jioni yote.

Hooyo alipita na jagi la maji, akauliza hiki ni kisomo gani kisichoanza kwa Bismillahi.

"Eeddo," Awil akamwambia shangazi yake, "hiki ukikosea, malaika hawaandiki. Anaandika Mwende."

Hooyo alicheka mpaka maji yakamwagika. Guleid hakucheka. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Jumatatu, 8 Novemba

Kichwa kinaniuma. Nitaandika tu ili nilale.

Baada ya shule nilimpelekea Guleid chakula. Nilikuta Mwende ameiharibu ile kompyuta kubwa kwa makusudi, kumjaribu. Barua zimesimama. Awil amechungulia dirishani: "Mama Mwende, barua ya watu imebotea?" Mwende akamwambia arudi langoni.

Guleid akaanza kutamka ukurasa. Akautamka wote. Mwende akamwambia aachane na kitabu, aangalie skrini, inasema nini. Guleid akaisoma skrini, neno kwa neno, kwa matamshi safi.

"Sijakuuliza imeandika nini. Nimekuuliza inaumwa wapi."

Guleid akageukia kitabu.

"Guleid, wewe ni kaseti. Nikikubonyeza unaimba. Huko watakupa mashine mgonjwa, wakuache nayo chumbani. Utaiimbia?"

Kisha akaitengeneza mwenyewe, mkono mmoja, huku mwingine unachukua njugu kwenye karatasi. Hakufungua kitabu hata mara moja.

Guleid alitabasamu. Lile tabasamu nalijua, ni la siku Aabo alipotuambia mbuzi wamekwisha. Njiani akaniambia mimi dada yake, "Abaayo, Hooyo asijue." Nikaitikia kwa kichwa. Mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 11 Novemba

Shule imefungwa. Nimekuwa wa nne. Hakuna aliyeuliza.

Mwende ameenda Nairobi kwa likizo fupi. Leo nilijitahidi, nikamwambia Guleid: iharibu mwenyewe, kidogo tu, kisha uitengeneze. Nilikuwa nimeipanga sentensi hiyo tangu alfajiri. Alinitazama kama nimetukana. Akasema ile mashine ni amana, watu wanangoja habari za ndugu zao kupitia kwayo. "Nivunje mguu wa ngamia wa watu ili nijifunze kuufunga? Haramu, abaayo."

Halafu akafungua kitabu. Tukaanza tena kutoka ukurasa wa kwanza. Nilisinzia nimekaa. Awil anasema mdomo wangu uliendelea kutamka.

Jumamosi, 13 Novemba

Kesho anapanda basi.

Leo ofisini hakukuwa na mtu ila Guleid, Awil langoni, na mwendeshaji wa redio chumba cha pili. Nilikuwa nimepeleka chai. Adhana ya alasiri ikaingia, Guleid na Awil wakaenda msikitini. Nikabaki na kompyuta.

Neno la siri nalijua. Guleid hulitamka akiliandika. Hajui kuandika kimyakimya.

Nilifungua faili inayoiambia mashine diski zake ziko wapi. Kwanza nikainakili kwenye diskete, nikaitia diskete ndani ya soksi. Kisha nikabadilisha herufi moja. Moja tu! Nikaiwasha upya. Mistari ikapanda kwenye skrini, ikapanda, ikakwama.

Guleid amerudi, mikono ya shati bado ina maji ya udhu.

"Nini hii?"

"Imesimama," nikasema. Si uongo.

Akakaa. Akaanza kutamka ukurasa wa mashine isiyowaka, mpaka mwisho wake. Skrini ikabaki vilevile. Akautamka tena, kwa sauti zaidi, kana kwamba mashine ni kiziwi. Akaipata faili, nadhani kwa bahati. Akaiona ile herufi! Akaisahihisha — mashine ikakataa kuihifadhi. Akajaribu tena. Ikakataa. Jasho linamtiririka mpaka kwenye vitufe. Sababu iko mbele yake, imeandikwa: diski imefunguliwa kwa kusoma tu. Amri ya kuifungua ikubali kuandikwa, hiyo aliitamka Ijumaa mkekani, macho yamefumba.

Mwendeshaji wa redio amekuja mlangoni. Watu wa kambi ya Ifo wanauliza mbona barua haziendi, kuna mgonjwa wa kusafirishwa, wanangoja jibu. Guleid akamwambia dakika chache. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Sikufikiria mgonjwa. Wallahi, nilifikiria kila kitu, sikufikiria mgonjwa.

"Abaayo," Guleid akasema bila kugeuka, "nenda kwenye simu. Mpigie Mwende. Mwambie nimeshindwa."

Nilienda. Namba yake imebandikwa ukutani. Niliinua mkono wa simu, nikausikia ukilia. Kisha nikaurudisha mahali pake bila kupiga. Nikaenda kwa mwendeshaji wa redio, nikamwomba — mimi, mtu wa kuitikia kwa kichwa! — awaambie Ifo wazitamke hewani habari za mgonjwa, aziandike kwa mkono, awapigie simu hospitali. Akanishangaa, kisha akachukua kalamu.

Nikarudi. Nikamwambia Guleid Mwende hapatikani. Nikafunga kitabu kilichokuwa mbele yake, nikakitoa nje, nikakalia ngazi, kitabu chini yangu, diskete bado ndani ya soksi. Ndani amebaki yeye na skrini tu.