Hodi ya Gia ya Tatu

Makuyuni, Korogwe
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Leo nimeamua kukuandikia kila kitu bila kuficha, hata yale ambayo nikiyasoma tena nitaona aibu. Kwa hiyo ukikuta neno lisilokupendeza, tafadhali fika mwisho kwanza ndipo ukasirike.

Sisi huku hatujambo. Bibi Fatu ana goti lake lile lile, linamsumbua asubuhi na kumwacha jua likipanda. Mahindi ya bondeni yameanza kukauka, ila nyani wanayaona kabla yetu. Mimi niko kidato cha tatu sasa, na tumefunga shule kwa likizo. Natumaini wewe na Shangazi huko Handeni mna afya njema, na kwamba mgongo wako haukusumbui kama zamani.

Nyumba imekuwa kubwa tangu Mama afariki. Jioni Bibi hufungua redio akaenda zake jikoni. Nilipomuuliza kwa nini anaifungua bila kuisikiliza, alisema ili sauti ziwe tatu. Idi iliyopita tulikula wawili, tukamaliza kula mapema mno.

Baba, unaikumbuka ile siku uliyonichukua kwa Shangazi tukaja wote na semi, lori lako la tela, Mama akiwa mzima anatusubiri hapa? Ulikuwa umebeba mahindi, gari zito, na njia nzima ulinifundisha kana kwamba kesho yake ningekabidhiwa usukani. Ulisema dereva wa gari dogo hutegemea breki, lakini dereva wa semi hushuka kwa gia, kwa sababu breki zikishachemka mteremkoni hazisikii dua wala matusi. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Mto Pangani ulinishikisha ile fimbo ya gia, klachi ukaikanyaga wewe. Niliivuta kwa nguvu kwenda ya nne, ikalia kama sufuria linaloburutwa sakafuni. Ulicheka sana, ukauliza huyu ni mtoto wa nani anayeingia chumbani kwa watu bila hodi.

Ndipo ukanionyesha. Kanyaga klachi, toa gia, achia klachi. Sasa gusa mafuta kidogo injini ivume, na huko ndiko kupiga hodi, ili gia ya chini ijue unaijia kwa mwendo gani. Kanyaga tena, na kama umeibishia hodi vizuri itakwambia karibu, itaingia kwa vidole viwili tu. Tulishuka hivyo, moja baada ya nyingine, na tulipoipata ya tatu gari likajishika lenyewe, likatulia, na mguu wako haukuwa umegusa breki. Ulisema madereva wengi siku hizi hawapigi hodi. Wengine wanalazimisha, na wengine magari yao yanajibadilishia gia yenyewe. Sikujua kwamba siku moja maneno hayo ndiyo yatakayonifanya niandike barua hii.

Nakumbuka pia siku ya arobaini ya Mama. Bibi alisema mtoto wa kike halelewi kwenye kabini ya lori. Wewe uliitikia ndiyo, Mama, ukitazama chini, ukaondoka, na tangu siku hiyo hujakanyaga uwanja wetu. Zamani ulikuwa ukija unaegesha ng'ambo ya barabara na kuchuchumaa kwenye kivuli cha tela mpaka Mama atoke akuletee neno la karibu kutoka kwa Bibi. Mkwe haingii kwa mama mkwe wake hivi hivi, na mama mkwe hapazi sauti kumwita mkwe wake. Mama ndiye aliyekuwa akibeba maneno ya pande zote mbili. Alipofariki, nadhani hakuna aliyekumbuka kwamba maneno yamebaki bila mbebaji.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Kila Alhamisi alasiri kuna semi linalopita hapa likielekea Mombo. Mbele ya nyumba yetu, unajua mwenyewe, hakuna tuta, hakuna kona, hakuna kituo. Mabasi ya Arusha yanapita mpaka bati la choo linatetemeka. Lakini hilo moja likifika kwenye mashine ya kusaga linaanza kushuka gia. Hodi, ya sita. Hodi, ya tano. Hodi, ya nne. Likiwa usawa wa mlango wetu limeshaingia ya tatu, linakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na breki haisikiki kabisa. Likishatupita linapanda gia polepole mpaka sauti inaisha.

Nilimweleza Taiyo, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Kwanza alinicheka, akaniita mchumba wa malori. Halafu akaacha kucheka. Kwao wanafuga ng'ombe huko uwandani Handeni, na alisema baba yake husikia kengele tu akajua ni dume gani limerudi. Aliniuliza, kama ng'ombe anajulikana kwa kengele, sembuse baba mzazi?

Lakini sina hakika, Baba, na hapa ndipo penye aibu yangu. Mara ya kwanza nilikimbia nikasimama kando ya lami. Semi lilikuwa na kichwa cheupe, si chekundu kama la kwako. Jua la alasiri lilikuwa limepiga kioo cha mbele, sikuona uso. Nilipunga mkono, honi haikulia. Tangu siku hiyo sijatoka tena. Nakaa nyuma ya mlango nasikiliza. Najua ningeweza kuvuka barabara nikasimama upande wa dereva nikaona vizuri. Sikufanya hivyo kwa sababu nikiona ni mtu mwingine, nitakuwa nimepoteza hata ile sauti.

Alhamisi hii iliyopita tulikuwa tunachambua kunde, mimi na Bibi. Mikono yake ilisimama kabla mimi sijasikia chochote. Kisha semi likaja, na Bibi akasema chini chini kwamba leo kachelewa kuitafuta ya nne, amechoka huyo. Baba, ni Bibi huyu huyu asemaye magari yote ni kelele moja. Nilipomkazia macho alinigombeza, akauliza kwani nadhani masikio yake yalizikwa pamoja na mwanawe.

Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Kile kibakuli cha wali anachokifunika kila Alhamisi, ambacho mimi hukila Ijumaa asubuhi nikidhani ni kiporo, si kiporo. Ni chako. Alisema siku ile alikataza kabini, hakukataza baba. Ila mwanamke wa umri wake hawezi kukimbilia barabarani kumwita mkwe wake kama anayeita muuza samaki. Mkwe akitaka kuja, aje apige hodi.

Nikamwambia, Bibi, hiyo unayoisikia kila wiki ndiyo hodi. Nikamweleza yote, ndala zangu zikiwa klachi na mafuta, mwiko ukiwa gia, na mvumo nikiutoa mdomoni mpaka kuku wakakimbia. Hakucheka. Alichambua kunde zikaisha. Mwishowe akaniuliza, ina maana muda wote huu mtu anabisha mlangoni kwangu na mimi nimekaa kimya kama sikufunzwa adabu? Akanituma nikachukue kalamu. Alisema neno lake ni moja tu, nilibebe kama Mama alivyokuwa akilibeba. Neno lenyewe ni karibu.

Barua hii anaileta Zaidi, kondakta wa basi la Handeni, ambaye ameahidi kuiweka mikononi mwa Shangazi na kuniletea majibu Jumatano. Bibi anakusalimu kwa heshima zote za ukwe, akigeukia ukutani wakati anasema. Taiyo naye anakusalimu ingawa hakujui. Mfikishie Shangazi shikamoo yangu, mwambie ndoo aliyonipa bado haivuji. Kama si wewe unayepita, usione vibaya kusema. Nitaelewa, na wali nitaula mimi. Lakini Alhamisi sitakaa nyuma ya mlango. Nitavuka, nisimame upande wa dereva.

Kwa hiyo nijibu hili tu, Baba: ni wewe? Na kama ni wewe, ukishaingiza ya tatu, utaendelea kushuka mpaka gari lisimame?

Mwanao akupendaye,
Munira Awadhi