Radi Kabla ya Zamu Yetu

Phoenix, 21 Januari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mgongo unaendeleaje? Kondoo wamevumilia theluji? Mimi ni mzima, ila chakula cha chuo kimenichosha. Nimeota supu ya kondoo nikaamka na njaa.

Nakuandikia kwa sababu ile simu niliyokununulia najua imelala kwenye droo, na hata ukiitoa huko hakuna mtandao. Nina shida, na mwenye dawa ni wewe.

Muhula huu nasoma fasihi ya Marekani. Mwalimu wetu, Dokta Halvorsen, ni mama mrefu mwenye sauti ndogo. Ametugawa katika makundi, kila kundi lisimame mbele ya darasa lieleze zama fulani: watu waliishije, waligombania nini, hata watu wa wakati ule wakatunga walivyotunga. Kuna waliopata zama za utumwa, kuna waliopata miaka ya njaa na vumbi. Vikaratasi vilikuwa kwenye kofia. Chetu kikatoka kimeandikwa "Kabla ya meli." Yaani fasihi ya mdomo, ya watu waliokuwa hapa kabla ya mzungu. Wenzangu wawili, Brenna na Kyle, waligeuza shingo tu wakanitazama. Katika wenyeji hao darasani kuna Mnavajo mmoja tu, mimi, ningejificha wapi?

Basi mdomo ukaniponza. Nikasema nitasimulia hadithi ya Mbweha, ile unayotusimulia wakati wa baridi, mwanzo hadi mwisho. Brenna akaruka kwa furaha, eti nimewaokoa. Lakini nilipofika chumbani nikajaribu kuusimulia ukuta, katikati pakakatika. Mwanzo ninao, mwisho ninao, katikati ni shimo tupu. Naomba uniandikie, Babu. Zamu yetu ni tarehe 19 Februari.

Mjukuu wako,
Leandra


Lukachukai, 30 Januari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo unauma kwa zamu, leo upande huu, kesho ule. Kondoo wazima, isipokuwa yule dume wa pembe moja amevunja ua tena, sijui anamtafuta nani. Shangazi yako Verna anakusalimu, anauliza kama umepata mchumba. Nimemwambia aache umbea. Sasa nakuuliza mimi: umepata?

Kuandika, siandiki. Usinune kwanza. Hadithi ile sijawahi kuiona karatasini, na mwandiko wangu huu nilitiwa kwa fimbo kwenye shule ya bweni ya wazungu. Sitaki maneno ya mama yangu yapite njia hiyo.

Njoo. Baridi ingalipo, nyoka wamelala, radi haijapiga. Huu ndio wakati wake. Panda basi Ijumaa, ufike, ule, usikilize. Ukiisikia sawasawa itakuwa yako, ukawasimulie hao wenzako kabla ya radi ya kwanza. Ikishapiga, unajua mwenyewe, tunazifunga hadithi hizi mpaka baridi nyingine. Na uje na kahawa. Hii ya dukani ina ladha ya gunia.

Babu yako,
Hoskie


Phoenix, 17 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nilirudi chuoni salama, na nyama aliyonifungia Shangazi Verna niliimaliza njiani kama mtu asiye na adabu. Mgongo umetulia?

Ninayo sasa, Babu. Yote! Naisimulia nikioga, naisimulia nikifua. Pale katikati unapocheka kabla hujasema kinachochekesha, na mimi nacheka hapo hapo. Nimejaribu kujizuia, nimeshindwa.

Ila kuna jambo. Dokta Halvorsen ameteleza kwenye ngazi akavunjika mguu, na zamu zote zimesogezwa mbele. Yetu sasa ni tarehe 25 Machi. Huko radi huwa inachelewa, sivyo? Nakumbuka mwaka mmoja ilipiga tukiwa tumeshaanza kukata manyoya ya kondoo. Niambie usijali, nipate usingizi.

Mjukuu wako,
Leandra


Lukachukai, 8 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima na mguu wa mwalimu unapona. Mpe pole kutoka kwa mzee mwenye mgongo mbovu.

Radi imepiga. Jumanne nilikuwa nachunga karibu na korongo, wingu likaja jeusi kutoka milimani. Nikasema moyoni, bado, ngoja kidogo, mtoto ana kazi yake. Haikungoja. Mbwa wote walikimbilia uvunguni mwa gari. Nilisimama pale nikahuzunika kwa ajili yako, sikudanganyi.

Basi yule mzururaji wa hadithi yetu, sasa hata jina lake silitaji, amefungiwa. Nakuomba usimsimulie. Na ule uzi wa kuchezea vidoleni, nao ni mchezo wa baridi tu, uuweke sandukuni pia. Najua umeahidi watu, na najua ahadi ni kitu kizito. Waambie mapema wajipange. Kuna mambo mengi ya zamani yanayosemeka mwaka mzima, nitakupa mengine ukitaka.

Babu yako,
Hoskie


Phoenix, 14 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumaini mu wazima nyote. Mimi nina hasira, na afadhali niseme kuliko kununa.

Niliwaambia. Kyle akacheka, akadhani natania. Brenna hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo sisi tufeli kwa sababu ya mawingu ya kwenu?" Wameshamchora Mbweha kwenye bango kubwa kuliko mlango. Nikaenda kwa Dokta. Akasema anaiheshimu mila yetu, lakini kundi litapimwa kwa kitakachoonekana mbele ya darasa, na sehemu yangu ndiyo nusu ya kazi. Tukianguka, Brenna anakosa nafasi ya kusomea ualimu. Na huyo ndiye aliyenikaribisha mezani kwake siku ya kwanza, wakati hakuna aliyejua hata kulitamka jina langu la ukoo.

Halafu huku Phoenix radi haijapiga. Hata wingu hakuna! Radi ya Lukachukai itanifungaje mimi? Na ninyi wazee mnashangaza. Kila mkikaa mnalia watoto wamesahau, watoto hawajui kitu. Mtoto akitaka kumpeleka Mbweha mbele ya watu ambao hawajawahi kumsikia, Mbweha wetu wenyewe, mnamwambia funga mdomo, si msimu. Wale wengine wote darasani hakuna anayewafungia zama zao. Sisi tu ndio tutasimama mbele ya watu mikono mitupu, ionekane hatukuwa na lolote.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Lakini ndivyo ninavyoona.

Mjukuu wako,
Leandra


Phoenix, 23 Machi

Babu,

Shikamoo. Hujambo kweli? Hujajibu. Nachungulia sanduku la barua mpaka karani ananionea huruma.

Keshokutwa ndiyo zamu yetu na bado sijaamua. Niandikie hata neno moja, hata la kunigombeza. Ukiwa umekasirika nitajua umekasirika. Huu ukimya siuwezi.

Mjukuu wako,
Leandra


Lukachukai, 24 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila matope yametufunga. Gari la Verna lilizama mpaka milangoni, na barua yako ya tarehe 14 nimeipata leo. Usidhani nilikununia.

Niliisoma nikakasirika. Yule mzururaji umemwandika jina lake waziwazi, bila hata aibu! Barua nimeiweka bandani, siwezi kulala nayo. Baadaye nikaenda nikaisoma tena, nimesimama na kondoo. Hapo uliposema tunalia mmesahau kisha tunawafunga midomo, hapo umenishika pabaya. Baba yako aliondoka hapa bila hadithi hata moja, akasema ni mambo ya wazee, na maisha yake yanakwenda. Wewe ulipanda basi ukaifuata kwenye theluji. Nimelifikiria hilo siku nzima.

Basi uamue mwenyewe. Ninachokijua nimeshakuambia, nami sijabadilika. Lakini ukisimulia, sitakuuliza. Utafika hapa utakuta kitanda chako kimetandikwa, na Verna atakukaangia mkate. Radi sikuitengeneza mimi, ila wewe nimekulea.

Babu yako,
Hoskie


Phoenix, 29 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini matope yamekauka. Barua yako imefika zamu yetu ikiwa imeshapita. Nimeisoma chooni nikalia, maana chumbani kulikuwa na watu.

Tulikuwa wa mwisho. Kyle alieleza ramani, Brenna akaeleza jinsi watu walivyotunza mambo yao kwa mdomo, na alieleza vizuri. Nikasimama. Sikufichi, Babu, nilikuwa nimeamua kusimulia. Nikaanza. Hata wale wa nyuma wakaziacha simu zao. Nikaendelea mpaka nikafika pale unapocheka. Nikafungua kinywa nicheke, kicheko kikagoma. Nikakutafuta wewe chumbani mle, hupo. Nikajiona nimesimama peke yangu na kitu ambacho saa ile hakikuwa changu. Maneno yaliyofuata nilikuwa nayo ulimini, Babu, hayakuwa yamenipotea. Nikayaacha. Nikasema, "Inakomea hapa mpaka baridi irudi," nikaenda kuketi.

Wakapiga makofi! Jamani, makofi! Wakadhani ni ufundi. Dokta ameandika kwamba ule ukimya ndio uliokuwa bora kuliko yote aliyoyaona mwaka huu, akatupa alama ya juu kuliko makundi yote. Brenna alinikumbatia nusura anivunje mbavu. Na mimi nikanyamaza, nikayapokea yote.

Sasa sijui nimefanya nini. Wewe sikukutii, wao sikuwamalizia, na hadithi nimeiacha imekatika. Heri ningepata sifuri. Lori likinguruma barabarani nashtuka nikidhani ni radi. Nifanyeje, Babu?

Mjukuu wako,
Leandra


Lukachukai, 9 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Nilicheka mpaka Verna akaja mbio kuangalia kama nimeanguka. Watu wasomi kabisa wanapigia makofi mlango uliofungwa! Ningekuwapo ningepiga na mimi.

Nimeshacheka, sasa niseme la kweli. Nilihuzunika ulipoanza, na nilifurahi ulipokoma, yote mawili kwa pamoja. Tulimwita Mzee Bitsui, mwenye maombi ya mila yetu, aje, amekuombea, kosa lako limekwisha. Malori yaache yangurume. Mahali pa kukoma hakuna aliyekuonyesha, mjukuu wangu. Ulipaona mwenyewe, na watu wote wakikutazama. Mimi kwa umri wako sijui kama ningeweza.

Kuhusu ile nusu iliyobaki, hakuna sheria niliyorithi, hii ni ya Hoskie peke yake: aliyeianza ataimaliza, wakati wake ukifika. Mpaka hapo usiiseme hata kwa ukuta.

Babu yako,
Hoskie


Phoenix, 2 Novemba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na kondoo? Huku watu bado wanavaa kaptula, nawaonea wivu walio na baridi. Nashukuru kwa likizo. Miezi yote ile tulichunga pamoja na hukulitaja lile jambo hata siku moja, na mimi nilikuwa nakuchungulia nikingoja.

Brenna nimemwambia ukweli. Kwamba haikuwa ufundi, nilishindwa tu. Alininunia kweli, akasema nimemwacha ashangilie asichokijua. Tukapitana kwenye korido kama wageni. Juzi akaja mwenyewe mlangoni, hajasalimu, akauliza, "Sasa kule kwenu kumeshaganda au bado?" Ameomba tuje wote asikie mwisho wa hadithi.

Naomba utusimulie wewe, Babu, yote kuanzia mwanzo. Mimi naogopa. Nikifika pale katikati nadhani nitakwama tena, na safari hii hakuna atakayepiga makofi.

Mjukuu wako,
Leandra


Lukachukai, 11 Novemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Maji ya kondoo yameganda, asubuhi nimeyavunja kwa shoka, na nyoka wameshaingia kulala. Mlete huyo Brenna. Verna amekwisha kuanza kufagia kama anakuja mkwe.

Lakini kusimulia, sisimulii. Mama yangu alipotutoka nilikuwa kijana kama wewe, na tangu hapo kila baridi ikifika msimulizi ni mimi. Watu wanaingia, wanajifunika, wanasema, haya Hoskie. Watoto wangu, watoto wa ndugu zangu, ninyi wajukuu, wote nimewasimulia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi nataka kusimuliwa. Nataka sana, Leandra. Nimezeeka bila kuisikia tena kwa sauti ya mtu mwingine.

Kwa hiyo utasimulia wewe. Ukikwama, kwama, tutangoja, kuni zipo. Mimi na mgeni wako tutakaa upande mmoja tusikilize.

Babu yako,
Hoskie