Pipa la Tata Halikuwa Tupu

Jumanne, 4 Desemba 1956

Pipa halikuwa tupu. Hilo sijamwambia mtu.

Nilikuwa nageuza samaki juu ya moshi, kama kila asubuhi, shemeji Kabwe, mume wa dada yangu, alipofika kutoka kisiwa cha Kilwa. Mashua yao ina injini, lakini walikuja kwa kasia, injini imefunikwa gunia. Akasimama nje ya ua. Mkwe haingii uani kwa baba wa mkewe.

"Mulamu, tata yuko?"

Ameenda boma.

"Na mama?"

Ameenda matangani Mwansabombwe.

Akatazama miguu yake. "Basi mutupatie petroli kiloko tu, mukwai. Debe moja."

Tata, baba yangu, aliniagiza: akija mtu yeyote, sema pipa ni tupu. Nikasema ni tupu. Liko nyuma ya jiko, limefunikwa mkeka, na mafuta yamefika nusu. Angeingia akaligonga kwa kidole tu, angejua. Hakuingia.

Nadhani alitaka kwenda kuuza samaki. Sikuuliza. Mimi siulizi watu. Nimemaliza shule mwezi huu, na hata huko walinicheka kwa hilo.

Naandika Kiswahili cha mama, kile cha ng'ambo ya ziwa. Wadogo zangu wanasoma Kibemba tu.

Jumatano, 5 Desemba

Lori la mafuta halijafika tena. Upepo tangu asubuhi.

Tata amerudi na gazeti la karani wa boma, la wiki nyingi zilizopita. Nimemsomea. Waingereza na Wafaransa wameingia Misri kwa vita kwa sababu ya mfereji. Sasa mfereji umezibwa na meli za mafuta hazipiti. Waarabu wenye visima wamekataa kuwauzia. Marekani ana mafuta mengi na ni rafiki yao wa siku zote. Lakini amewaambia watoke Misri kwanza, ndipo mafuta yazungumzwe.

Tata akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Mwenye pipa ndiye anachagua ndugu!"

Anajua anachosema. Tangu petroli iadimike, watu wanamsalimu kwa kupiga makofi wamechutama, kama chifu. Jirani aliyemtukana mwaka jana ameleta kuku. Tata amekula kuku. Petroli hakutoa. Yote anamwekea muzungu wa Kasenga anayekuja na mashua ya barafu. Muzungu huyo ameahidi kununua samaki kwa tata peke yake akipata mafuta ya kurudia.

"Na mimi nina mambo yangu ya nchi za nje," tata akasema, akielekeza mkono ng'ambo ya ziwa.

Nilitaka kumwambia kwamba Kabwe alikuja. Lakini tata alikuwa amefurahi sana. Nikarudi kugeuza samaki.

Alhamisi, 6 Desemba

Wamemleta Yaya Chola. Dada yangu, mke wa Kabwe. Kwa kasia, tangu kulipopambazuka hadi jua la utosi, upepo usoni. Amelala kwenye maji yaliyoingia chomboni. Uchungu ulimshika Jumatatu.

Jumatatu. Kabwe alisimama hapa Jumanne.

Mtoto amezaliwa zahanati saa tisa. Wa kiume. Hakulia. Mganga aliosha mikono, akasema jana angeweza kufanya kitu.

Mama amefika jioni na lori la mihogo. Nilimsikia kabla sijamwona.

Ijumaa, 7 Desemba

Wamezika. Mtoto wa namna hii huzikwa na wanawake waliokwisha kuzaa, bila nyimbo. Wasichana tunabaki ndani. Nilisikia jembe. Mara chache tu. Shimo ni dogo.

Kisha mama aliniita. Tata alikuwa ameketi hapo anatengeneza wavu.

"Kabwe anasema alikuja hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Nikasema pipa lilikuwa tupu. Mara ya pili. Mdomo wangu ulisema wenyewe. Sindano ya tata ikasimama kwenye wavu. Nilimngoja. Neno moja tu lake lingetosha. Sindano ikaendelea.

Nikamwuliza mama kwa nini Kabwe hakusema ni Yaya. Ni swali la kwanza nililouliza mwaka huu, nadhani.

"Angekuambia nini, wewe mutoto? Mambo ya kuzaa hayasemwi mbele ya mutu ambaye hajazaa. Tena uchungu ukikawia, watu wanasema mwanamuke alitembea inje, ama bwana yake. Alikuwa na haya. Alikuwa ananitafuta miye."

Kwa hiyo yeye alikuwa na haya na mimi nilikuwa na haya. Tukasimama hivyo, ua katikati.

Siwezi kula.

Jumapili, 9 Desemba

Kanisani wameombea amani huko kwenye mfereji. Watu wamekuja nyumbani kumpa pole Yaya. Wote wanasema lile lile. Vita.

Yaya yuko kwenye mkeka, kifua amefungwa kitambaa kwa sababu ya maziwa. Ameniambia, "Ni vita ya bazungu iliniuwia mutoto. Wanagombania mafuta yao kule, miye nalia huku." Akanishika mkono. "Weye ulisoma. Hiyo Misri iko mbali sana?"

Nikasema iko mbali sana.

Toka mkeka wake mpaka kwenye pipa ni hatua kumi na nne.

Jumatatu, 10 Desemba

Muzungu wa Kasenga amekuja na barafu yake. Amefika mpaka mlangoni, anacheka, anamgonga tata begani. "Esansi yangu iko wapi, rafiki?"

Tata alisema, "Pipa ni tupu."

Muzungu akatazama nyuma ya jiko, ule mkeka. Hakucheka tena. Amenunua samaki kwa yule jirani wa kuku. Wa kwetu wamebaki. Tata amewapasua mwenyewe, wote, hakutaka nimsaidie. Akaniambia tu nilete chumvi.

Mimi na tata tunaogopana sasa. Mmoja akiingia, mwingine anatafuta kazi nje.

Jumatano, 12 Desemba

Mvua. Lori halijafika. Yaya ametembea hadi ufukweni na kurudi. Anasema kesho anataka kwenda kwake.

Alhamisi, 13 Desemba

Yaya ameondoka.

Asubuhi tata alifunua mkeka, akajaza debe hadi juu. Mama alikuwa ndani anamfungia Yaya nguo zake. Tata hawezi kumkaribia mkwe, basi akaliweka mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mupelekee," akasema. Nililibeba kichwani hadi majini. Zito. Lilinimwagikia begani na bado nanuka.

Kabwe alifunua gunia, akafungua tangi la injini. Nikamimina, yeye ameshika faneli. Yalichukua muda. Alikuwa anasikiliza yanavyoingia.

"Mulamu," akasema taratibu. "Lori limefika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi. Yaya alikuwa anateremka njiani, ameshikwa na mama.

Nikasema, "Hapana. Halijafika."

Alinitazama. Kisha alitazama njia inayopanda kwetu, paa la jiko. Akaing'oa faneli. Nilidhani atanipiga. Ningekubali.

Akafunga tangi. Akalikunja gunia vizuri sana, mara nne, kama nguo ya kanisani.

"Usimwambie yaya yako," akasema. "Acha aseme ni vita. Yule ni baba yake. Weye ni mudogo wake. Abakie na watu wake."

Wakampandisha Yaya, Kabwe akisema petroli ameazima kwa wavuvi. Injini ikashika mara ya kwanza. Yaya alinipungia mkono mpaka sikumwona tena. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, wiki nzima baada ya ule upepo.

Jioni tata amemwaga mafuta yaliyobaki, amelilaza pipa na kulivingirisha hadi ufukweni. Sasa ni tupu kweli. Watoto wanalipiga kama ngoma.

Daftari, wewe unajua kila kitu. Nimekufunga kwa uzi wa wavu na nitakuweka chini ya dagaa wetu wa chisense waliokauka, pale ambapo hakuna anayetafuta kitu cha kusoma. Akija Yaya siku moja akakufungua, sema huna kitu. Nimeombwa, na sasa nakuomba.