Ua la Majunga kwenye Mawe ya Moroni

Magoudjou, Moroni,
14 Novemba 1981.

Mpendwa Mama mdogo Djaouharia,

Shikamoo. Kabla ya neno lolote, napenda kujua hali yako na ya wote walio chini ya dari yako huko Unguja. Je, goti limepoa? Sisi, kwa rehema za Mola, tu wazima. Mke wangu Nadjati amepona homa, na mama yake, Bibi Zaharia, anazo nguvu za kutugombeza sote kabla ya chai.

Barua yako niliipata. Uliuliza jambo moja: mama yangu Bahia, dada yako, atakubali lini kuhama Mutsamudu aje aishi nawe? Unajua kwamba tangu ghasia za Majunga, kule Madagaska, zimrudishe kisiwani kwetu Ndzuani mikono mitupu, hajakubali kupanda hata mche mmoja. Tukimsihi husema, "Mimi hapa mpita njia." Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lilikuwa bado linaota.

Pengine hujui kwamba alitoka Majunga na mbegu katika pindo la leso. Ni za lile ua la ukutani kwa bibi, mama yenu, mlilolichuma utotoni. Mwaka huu alinikabidhi nijaribu mimi, kwa kuwa yeye, alisema, hana ardhi.

Nikafanya kosa ambalo Mndzuani yeyote angelifanya. Sisi twaamini kwamba kisiwa hiki cha Ngazidja ni jiwe tupu. Basi nikaagiza udongo mweusi kutoka kwetu Mirontsy, nikapanda humo, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya birika la kukingia mvua. Mama mkwe akasimama mlangoni: "Mkwe wangu, kisiwa chenu mmekileta kwa magunia. Na bahari yake ndiyo hili birika langu?" Majirani wakacheka hadi barabarani. Miche yote ikaoza.

Lakini mbegu hizo zina manyoya, na upepo ulikuwa umezipeperusha chache hadi kwenye kokoto za volkano chini ya ukuta, pasipofika maji yangu. Huko zikaota, zikavumilia kiangazi kizima.

Sikuthubutu kushangilia. Magugu ya jamii ya alizeti, yenye mbegu za manyoya kama hizi, yamejaa kila ukuta hapa, na mama hakuwa na jina la kunipa. Nikachunguza. Jani ni jembamba, juu kijani kinachong'aa, chini jeupe kama lililovishwa sufu. Ua lilipochanua lilikuwa na rangi ya chungwa, na doa jeusi kwenye kitako cha kila petali. Katikati yake mna vijiua vidogo vingi vilivyobanana. Wingu likipita, linajifunga. Mwalimu mwenzangu Kamardine alipekua kitabu cha Kifaransa, akasema ni gazania, mmea unaoishi miaka na miaka. Ukikatwa, huchipua tena.

Mwezi uliopita niliupeleka mche mmoja Mutsamudu. Bandarini, mmoja wa wale Wazungu wenye bunduki tunaoishi nao tangu mapinduzi ya mwaka wa sabini na nane alichomeka kidole katika udongo wa kopo, akanusa ua lisilo na harufu, akanipungia mkono nipite.

Mama hakulitazama ua. Aligeuza jani, akalipapasa upande wa chini kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Hili ndilo. Tulikuwa tukilisugua mashavuni, Djaouharia na mimi, tukicheza harusi."

Nilidhani atalia. Badala yake akamwita jirani: "Kalathoumi! Niazime jembe!"

"Mpita njia ana haja gani na jembe?"

"Lete, mwanamke, ulimi huo hauchimbi!"

Akachimba mwenyewe kando ya mlango, na mimi akanikataza hata kushika kopo. Alipokuwa angali amechuchumaa, nikamkumbusha swali lako. Alishindilia udongo kwanza, ndipo akajibu: "Mwandikie mdogo wangu kwamba mmea huu utatanda vizuri mwakani, nami nitakuwa hapa kuutazama. Yeye ndiye aje. Na aje na nguo za kukaa, si za kutembea."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nami nayaunga mkono kwa moyo wangu wote.

Nisalimie mjomba Assoumani, Koultoumi na watoto wake. Nadjati anakubusu mikono. Mola akufungulie njia iliyo nyepesi, atukutanishe sote tukiwa na afya na imani.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Sounhadj