Kurasa Tisa za Madereva

Jumatatu, 4 Machi
Mpango nilioandika umepita! Miaka miwili ya kuhesabu makontena kwenye kituo hiki, hatimaye. Mizigo ya safari ndefu ipande treni, malori yabaki na safari fupi, kutoka hapa hadi maghalani. Moshi upungue, foleni ya getini iishe. Bosi kapigiwa makofi mpaka basi. Mimi niliambiwa nigawe maji.

Jumanne, 5 Machi
Nakala iliyochapwa imefika. Nafungua sura ya sita — haipo! Kurasa tisa za madereva: nani ahamie safari fupi, nani afundishwe mashine za kupakia, kwa miezi mingapi. Zimenyofolewa zote. Nikamwuliza bosi. Ati wafadhili wanapenda ripoti fupi. Na madereva? Watajipanga.
Watajipanga! Kama viti vya ukumbini.

Jumapili, 10 Machi
Kwa kaka, dereva wa hapa kituoni. Lori lake ndilo lililonisomesha. Aliendesha na homa, aliendesha hata siku mwanawe anazaliwa. Wifi akapakua, tukala. Kaka akauliza kama ni kweli kazi inahamia kwenye treni. Nikasema bado ni mazungumzo tu.
Mwongo mkubwa mimi. Aliniamini papo hapo, akaniongezea mchuzi. 

Jumatano, 13 Machi
Barua zimetoka. Madereva mia moja na arobaini, mwisho wa mwezi huu kwaheri. Ya kaka imo. Kapiga simu mara tatu, sikupokea. Kikulacho ki nguoni mwako — na nguo yenyewe ndiyo mimi.

Alhamisi, 14 Machi
Malori yameziba geti, ubavu kwa ubavu. Hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka. Bosi anataka niteremke nikawaeleze madereva. Ati mpango si ni wangu? Leo umekuwa wangu!
Naandika chooni, komeo nimelibana. Zile kurasa tisa ninazo mkobani, nakala yangu ya mwanzo. Nikizisoma kule chini, kesho sina kazi. 
Bosi anagonga. Sasa ni kwa ngumi.
Kidirishani namsikia kaka, sauti imemkauka. Nilijua atanitukana, na angekuwa na haki. Hatukani. Anawaomba wenzake wanipishe njia. Ati mdogo wake huyu amesoma, hawezi kukosa la kusema, wamsikilize kwanza.
Wanasogea kando. Wote. Wananingoja —