Mtu Aliyeambiwa Arudi Eda Ikiisha

Likoni, Jumapili. Alasiri imeshaadhiniwa. Manyunyu yamekatika, lakini nguo za watoto kambani bado mbichi tangu jana.

Daftari langu, niwie radhi. Mara ya mwisho kukufungua ilikuwa kabla ya Ramadhani, na sasa tunaelekea Mfungo Tatu. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nalo moja tu, nimelizungusha kichwani mpaka nikachoka kulisikia mimi mwenyewe.

Hilo moja ni bima ya Bakari.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma kule Changamwe. Homa ilimshika Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Nikakaa eda yangu miezi minne na siku kumi, ndani, kama inavyotakiwa. Nilipotoka ndipo nilipopata moyo wa kugusa nguo zake, na katika mfuko wa ndani wa koti lake la Idi nikakuta hati ya bima ya maisha. Aliyeandikwa apewe ni Zuhura, binti yetu, ambaye siku ile alikuwa na miaka minne.

Bakari hakuwa ameisema nyumbani. Wakati ule msikitini watu walikuwa wakibishana kama bima ni halali au ni kuipigia roho kamari, naye hakutaka ubishi huo umfikie mamake. Mamake huyo, Bi Mkubwa, ndiye tunayeishi naye. Basi alinyamaza, akawa analipa kimya kimya, akafa nalo.

Ingekuwa ni haki yangu, wallahi ningeiacha zamani. Nimechoka. Naamka alfajiri kukanda mahamri, mwanangu mdogo Athumani ana kifua, Zuhura hataki kulala mpaka nimshike sikio. Lakini hii ni ya yatima. Ya yatima siwezi kuiachia kwa sababu ya uchovu wa miguu yangu.

Kampuni yenyewe nilikuta haiko. Mlangoni pake kule kisiwani sasa pauzwa mapazia. Nilipomuuliza mwenye duka habari za bima alinicheka: "Dada, bima ya hapa ni dirisha lako lisichunguliwe." Nikacheka pia. Nilipofika kivukoni ndipo nikalia.

Nikaiandikia ofisi ya serikali inayosimamia bima, Nairobi. Jibu lilikuja, tena la heshima. Walisema mikataba ya kampuni ile ilihamishiwa kampuni nyingine kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wakaniomba nitaje namba na tarehe ya tangazo hilo, pamoja na kanuni ninayoitegemea. Nikakaa na barua ile mapajani. Mimi niliyeishia kidato cha pili, nitategemea kanuni gani?

Nikaanza kutafuta.

Maktaba wana majalada ya Gazeti Rasmi, yamepangwa kwa miaka, migongo yake myekundu. Mwaka wangu una pengo. Yule dada wa pale alisema jalada liliazimwa kwa ajili ya kesi, halikurudi. Baadaye karani wa wakili mmoja akanihurumia, akaniruhusu kuchakura stoo yao Jumamosi tatu, Athumani mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Nikapata kitabu cha kanuni za bima! Nilikikumbatia kama mtoto. Karani akakitazama jalada, akaniambia pole pole, "Mama Zuhura, hii ni ya baadaye. Wewe wataka ile iliyokuwepo marehemu alipotia sahihi."

Sikujua kwamba sheria nayo ina umri. Unaweza kushika sheria ya kweli mkononi na isikufae, kwa kuwa si ya mwaka wako.

Ni huyo karani aliyenielekeza kwa Bwana Katana, wakala wa zamani wa kampuni ile, anayekaa Mjambere na kufuga kuku. Nilikwenda Alhamisi.

Mkewe alinipokea kwa mkeka na maneno. "Umekuja kununua kuku au karatasi? Maana huyu karatasi anazo kuliko kuku, na hazitagi."

"Siku moja zitataga," Bwana Katana akajibu kutoka ndani.

"Tangu mwaka gani twangoja!"

Akatoka na sanduku la bati. Nikamwonyesha hati. Alipolisoma jina la Bakari uso wake ulibadilika, akainama kwenye makaratasi. Akapekua muda mrefu. Mwishowe akanipa ukurasa mmoja.

Ulikuwa ni wenyewe. Tangazo lenyewe la Gazeti Rasmi. Lilisema kwa Kizungu kwamba mikataba yote inahamishwa, na kwamba mwenye dai lolote la mtu aliyekwisha kufa alilete kwa maandishi ndani ya siku tisini, na baada ya hapo madai hayatapokewa, isipokuwa...

Hapo pamekatika. Mende wamekula pembe yote ya chini. Namba ya tangazo na tarehe vyote vilikuwa kwenye pembe hiyo.

"Isipokuwa nini?" nikamuuliza.

"Mama, sikumbuki sawasawa. Nafikiri ni isipokuwa kwa mtoto mdogo, au kwa mtu ambaye taarifa haikumfikia kwa sababu ya kweli. Kulikuwa na maneno kama hayo kwenye kanuni za zamani pia. Lakini usinishike kwa hilo, nitakudanganya bure. Utafute ukurasa mzima."

Nikamuuliza ni mwezi gani tangazo lilipotoka, akaukumbuka, nikahesabu kwa vidole. Siku tisini zile zilianza nikiwa edani na zikaisha nikiwa edani.

Nikasema, zaidi kwa nafsi yangu kuliko kwake, "Laiti mtu angekuja kunambia."

Bwana Katana akaufunga mfuniko wa sanduku, akauweka mkono wake juu.

"Mimi nilikuja, mama."

Mkewe aliyekuwa akiwatupia kuku mahindi akasimama.

Bwana Katana alisema wao mawakala walipewa orodha ya watu wa kuwapelekea fomu, na jina la Bakari lilikuwemo, kwa kuwa wenzake wa kazini walishatoa habari za kifo. Akavuka feri mpaka kwetu. Mama mmoja mrefu mwenye kipini akamfungulia nusu mlango. Akamwambia ana karatasi ya mke wa marehemu Bakari, lazima ampe mkononi. Mama akamjibu kwamba mkwewe yuko edani, haonani na mwanamume ajinabi, na karatasi haina haraka kuliko amri ya Mungu. Akampa maji ya ndimu, akamwambia arudi eda ikiisha.

"Sikurudi," akasema Bwana Katana. "Mwezi ule ule tuliachishwa kazi wote. Nikajiambia kuna mwingine atakwenda. Nilijua hakuna mwingine."

"Ungalirudi," nikamwambia.

"Ningerudi. Kweli, mama."

Hakujitetea, na mimi sikumpa pole. Mkewe ndiye aliyenishika mkono mpaka njiani, kimya, yule mwenye maneno yote yale.

Kabla sijaondoka Bwana Katana aliniambia jambo la mwisho. Yeye atakula kiapo mbele ya wakili kwamba alikuja na fomu haikunifikia. Lakini yeye alikuwa mtu wa kampuni, wataona labda tumepanga. Panahitajika kiapo cha mtu wa nyumbani. Cha yule aliyefungua mlango.

Cha Bi Mkubwa.

Sasa nikuambie, daftari, lile nisilothubutu kumwambia mtu. Miaka miwili nimeichukia kampuni. Nimewachukia makarani, mende, maktaba. Alhamisi ile nikivuka feri kurudi nilimchukia mamake Bakari. Ijumaa nilimtilia chai bila kumuuliza sukari. Aliponiita nikaitika, "Naam," badala ya "Abee" ya adabu. Akanitazama tu. Jumamosi Zuhura aliniuliza kwa nini naweka sahani kwa kishindo.

Huyu ndiye mama aliyenikogesha miezi minne na siku kumi. Alikaa nami kwenye chumba kile chenye joto akinisimulia visa vya Bakari alipokuwa mdogo ili nisikae na mawazo. Hakumruhusu mtu aniguse kwa neno baya. Na mimi nilizika mume, yeye alizika mwanawe wa pekee.

Ningeweza kunyamaza. Hapo ndipo nilipokuwa. Nikinyamaza, atakwenda na miaka yake bila kujua kwamba mkono wake ndio uliofunga mlango. Nikisema, Zuhura huenda akapata haki yake, huenda asipate, maana hata sijui baada ya ile isipokuwa pana nini. Namvunja mtu mzima kwa ajili ya pembe ya karatasi iliyoliwa na mende.

Leo asubuhi alikuwa amekaa ukumbini akisuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia upya, shikamoo, kama vile siku tatu zile hazikuwepo. Nikakaa chini, karibu na miguu yake. Nikamweleza yote: bima, tangazo, siku tisini, mtu aliyekuja. Sikuongeza na sikupunguza. Nilitafuta njia ya kulisema lisiumize, nikaona njia hiyo haiko.

Ukili ulisimama mikononi mwake.

"Yule mtu wa shati jeupe," akasema. "Nalimpa maji."

"Ndiyo, mama."

"Nalimwambia arudi. Nalidhani nakuhifadhi, mwanangu."

"Ulinihifadhi, mama."

"Mbona hakurudi?"

Nje Athumani alikuwa akikohoa na jirani akimwimbia. Bi Mkubwa akaupindua ukili, akautazama kama aliyekosea mahali na hapaoni. Nilingoja alie. Nilikuwa nimejitayarisha kumshika. Hakulia.

"Na wao wataka nini kwangu?"

"Useme mbele ya wakili kwamba alikuja ukamrudisha, na mimi sikujua. Kisha utie kidole."

"Niseme kwamba nimempokonya mjukuu wangu."

"Mama, hapana. Useme kwamba sikujua. Basi."

"Ni mamoja."

Mimi ndiye niliyelia, kwa aibu, uso wangu kwenye leso yake. Nilihisi kiganja chake kichwani, kinanuka ukindu. Kisha akainyoosha mikono yake miwili mbele yangu, ile mikono migumu, vidole vimepinda kwa kusuka.

"Wanitaka kidole kipi?"

Nikakigusa. Cha gumba, cha kushoto.

"Basi kesho kutwa twende. Na uniamkie vizuri, tafadhali. Siku tatu hizi nalidhani nimekukosea kwa chai."

Daftari, sijui kama nimefanya haki au dhuluma. Tangu pale Bi Mkubwa ameingia chumbani mwake na mlango ameurudishia. Si kawaida yake mchana. Nimempelekea uji, ameupokea kwa mkono tu. Namsikia akivuta tasbihi. Kuna mambo yakishatoka mdomoni hayana kuomba radhi, kwa kuwa hukukosea, na bado umemuumiza mtu.

Nimesimama hapa basi. Sitarudi nyuma. Kama nimemvunja, nisimvunje bure.

Binamu yangu Saumu anafanya usafi katika jengo moja la ofisi za serikali kule Nairobi, na anajuana na mzee wa masjala. Kesho nitakwenda posta. Naziandika hapa kwanza haja zangu ili barua isije ikakosa kitu:

Ukurasa mzima wa tangazo la kuhamisha mikataba ya kampuni ile, si kipande. Fotokopi ionyeshe pembe ya chini, na namba na tarehe visomeke. Akiona neno la isipokuwa, asome mpaka nukta, kisha afungue ukurasa wa nyuma aangalie kama yanaendelea.

Kanuni za bima za zamani, zile zilizokuwepo Bakari alipotia sahihi. Zisiwe zile mpya, hizo ninazo. Kama kitabu ni kikubwa anitumie sehemu ya madai ya mtoto mdogo na ya kuchelewa tu.

Jina la kampuni iliyoipokea mikataba na sanduku lake la posta, kama lipo kwenye tangazo.

Orodha waliyopewa mawakala ya watu wa kupelekewa fomu, ikiwa serikali ilibakiwa na nakala. Nataka mahali penye jina la Bakari na alama yoyote iliyowekwa mbele yake.

Nilidhani ni hizo tu. Sasa hivi mlango wa Bi Mkubwa umefunguka. Amesimama kizingitini, macho mekundu, ameniuliza naandika nini, nimemsomea; kisha ameuliza kama Bakari alipokata bima aliandika yeye mwenyewe au aliandikiwa. Nikamwambia kuna fomu ya maombi, hiyo mtu huijaza kwa mkono wake. Akasema, basi iandike na hiyo.

Mama hajui kusoma herufi za Kizungu.

Fomu ya maombi ya Bakari, Saumu. Ukurasa wowote wenye mwandiko wake, hata kama haufai kwa dai. Huo si wa wakili. Ni wa mamake.